Faida Iko Ng'ambo

Ukipita Busia mjini asubuhi, upande wa Kenya, hutakosa kumwona kijana akipiga picha ya viatu ambavyo si vyake. Hajavinunua. Ameongea tu na mwenye kibanda, akaruhusiwa kuvipanga vizuri kwenye mwanga na kuvipiga. Dakika chache baadaye picha iko kwenye WhatsApp na Facebook, na bei mpya juu yake. Mteja wa Nakuru au Nairobi akituma pesa, ndipo kijana anarudi kibandani kulipa, anafunga mzigo na kuukimbiza steji ya matatu. Mtaji wake ni simu, bando na mdomo.

Wengi wanaiona kama biashara ya kizazi hiki. Lakini Busia na Malaba ni miji iliyolelewa na kazi hiyohiyo: nunua kilipo rahisi, uza kilipo ghali, kula ile tofauti iliyo katikati. Kilichobadilika kila mara ni anayebeba, anayejua bei, na anayeumia mambo yakiharibika. Kwa hivyo kabla hujaambiwa kwamba ukiwa na simu utaomoka, ni vizuri ujue waliokutangulia kwenye barabara hii walipata nini.

Mpaka wenyewe ni mgeni. Mpaka 1902, Uganda ya Waingereza ilifika karibu na Naivasha. Mwaka huo mkoa wake wa mashariki ukahamishiwa upande ambao baadaye ukaitwa Kenya, na mstari ukasogea magharibi. Wasamia wakajikuta huku na huku, Wateso vilevile. Mtu alikuwa na shamba nchi moja na shemeji nchi nyingine, na hakuna aliyemuuliza.

Lakini kwa miaka mingi mstari huo haukuwa na faida kubwa kwa mchuuzi. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao 1917, na baadaye shilingi ikawa moja Afrika Mashariki nzima. Kama sukari inalipiwa ushuru uleule na pesa ni ileile, utapata nini kwa kuivusha mto? Reli iliyofika Kampala 1931 ilipita Malaba na mizigo yake. Biashara ya soko ilikuwapo, ila mpaka wenyewe ulikuwa bado haujawa bidhaa.

Mambo yalianza kugeuka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa shilingi yake. Kisha Idi Amin akachukua serikali Januari 1971, na 1972 akawafukuza Waasia waliokuwa wameshika sehemu kubwa ya viwanda na maduka. Bidhaa zikaanza kuadimika Uganda: chumvi, sabuni, sukari, mafuta ya kupikia. Huku Kenya vitu hivyo vilijaa madukani. Tofauti ikazaliwa, na ikawa kubwa kuliko mto wowote.

Halafu kukatokea baridi kali Brazil. Julai 1975 jalidi iliua mikahawa huko, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi ikafika kilele 1977. Mkulima wa Uganda alipaswa kuuzia bodi ya serikali, iliyomlipa kidogo, tena kwa shilingi ambayo haikuwa na cha kununua. Akipeleka gunia Kenya, alilipwa pesa yenye nguvu na kurudi na blanketi na sabuni. Hapo ndipo Chepkube, soko dogo chini ya Mlima Elgon, kaskazini ya Malaba, likapata jina ambalo wazee wa magharibi ya Kenya hawajalisahau. Kahawa ilishuka kwa vichwa vya watu, kwa punda, kwa baiskeli, usiku. Watu waliokuwa hawana kitu walijenga nyumba za mabati na kununua magari. Neno letu la magendo likavuka nalo, mpaka Waganda wakaanza kuuita uchumi wao wote kwa jina hilo.

Ni rahisi kuzisimulia siku hizo kama sherehe. Hazikuwa sherehe kwa kila mtu. Serikali ya Amin ilitoa amri 1975 ya kuunda mahakama ya makosa ya kiuchumi, na mfanya magendo angeweza kuhukumiwa kifo. Kikosi cha kupambana na magendo kiliwekwa ziwani chini ya Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa karibu na Amin. Aliyekuwa kwenye mtumbwi au kwenye njia ya panya ndiye aliyekutana na risasi. Aliyenunua kwa jumla alikaa Kenya, akingoja gunia limfikie. Bei ya kahawa iliposhuka, na Amin alipoondoka 1979, Chepkube ikarudi kuwa soko dogo. Wachache walikuwa wamehifadhi. Wengi walibaki na hadithi.

Barabarani Busia na Malaba kulikuwa na kazi nyingine, ndogo na ya kudumu. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho abiria alipaswa kukitembea kwa miguu na mizigo yake. Vijana wenye baiskeli wakaanza kuwabeba huku wakipaza sauti: boda! boda! Yaani kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Leo jina hilo liko Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, kwenye pikipiki ambazo hazijawahi kuuona mpaka. Waliuza kitu gani? Waliuza usumbufu wa serikali mbili. Kama vituo vingekuwa pamoja, wasingekuwa na kazi.

Busia ilikuwa pia na watu wenye ulemavu wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa nguvu za mikono, zimepakiwa bidhaa hadi juu. Maofisa wa forodha waliwalegezea, na wafanyabiashara wakaligundua hilo haraka. Mtu ambaye jamii ilimtarajia aombe barabarani akawa na kazi, akalipa karo, akaoa, akajenga. Lakini kazi yake nayo ilisimama juu ya ushuru. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza Januari 2005, na ushuru wa bidhaa za Kenya zinazoingia Uganda ukapunguzwa hatua kwa hatua, mwenye mzigo akaanza kuona lori ni nafuu. Hakuna aliyewafukuza waendesha baiskeli wale. Tofauti ilipungua tu, na riziki yao ikapungua nayo.

Ndiyo maana sipendi kusikia mpaka ukifunguliwa ikisemwa kwamba kila mtu amefaidika. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na marais Kenyatta na Museveni. Sasa msafiri anakaguliwa mara moja tu, upande anaoingia. Ni jambo jema. Mama anayevusha mahindi au maharage hahitaji tena kujificha: mzigo usiozidi dola 2,000, kama umezalishwa ndani ya jumuiya, una cheti chake rahisi na hautozwi ushuru wa forodha. Shida ni yule kijana wa picha. Gauni lililoshonwa China haligeuki kuwa la Afrika Mashariki kwa sababu limelala usiku mmoja Kampala. Cheti kile hakimhusu. Kwa hivyo sheria iliyomfungulia mlango mama wa maharage inamwacha muuza nguo palepale alipokuwa mfanya magendo: alipe ushuru unaomaliza faida, au atumie njia ya panya akiomba Mungu.

Na faida yenyewe tuihesabu. Tuseme gauni ni shilingi 400 na ameliuza 700 mtandaoni. Boda ya kulivusha na kulifikisha steji 50. Kulituma 100. Gharama ya kutuma pesa na bando, tuseme 30. Amebaki na 120. Mteja akisema halimtoshi na analirudisha, ile 120 imeisha na deni limeanza. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, kulipwa kutoka mbali kumekuwa rahisi sana. Lakini simu hiyohiyo iliyomletea mteja inamwonyesha mteja bei ya wauzaji wengine kumi. Siku za Chepkube, bei ya ng'ambo ilikuwa siri ya aliyethubutu kuvuka. Sasa siri hiyo iko mfukoni mwa kila mtu.

Kwa hiyo anayedumu Busia leo si lazima awe mwenye bei ya chini. Nikiwatazama wanaoendelea mwaka wa tatu, wa nne, naona wanauza kitu ambacho simu haiwezi kukionyesha: kwamba kitambaa ni kizito kweli, kwamba saizi ni hiyo, kwamba mzigo utafika Ijumaa kama ulivyoahidiwa, na usipofika, pesa zitarudi. Wanajua mwenye kibanda gani hachanganyi mitumba mibovu na mizuri. Wanajua dereva gani hapotezi mizigo. Ujuzi huo haupigwi picha, na jirani hawezi kuuiga kwa jioni moja.

Wazee wa mpakani wanajua kwamba tofauti haidumu. Serikali inaibadilisha kwa tangazo moja, kama Kenya ilivyozuia mahindi ya Uganda na Tanzania Machi 2021, au hali ya hewa ya Brazil inaibadilisha bila kumwuliza mtu. Aliyeijenga nyumba yake juu ya tofauti peke yake aliiona ikibomoka. Kijana anayefunga viatu kwenye karatasi asubuhi hii hana gunia la kahawa na hakimbizwi na askari wa Amin. Ana mteja Nakuru ambaye hajawahi kumwona, na ambaye ametuma pesa. Hicho ndicho kitu cha thamani alicho nacho, na ni afadhali akilinde kuliko ile 120.