Mabaki ya Viwanda na Majitaka ya Udobi: Njombe na Makambako

Mwaka 1949 kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa Njombe. Magome ya miwati yalilowekwa katika maji ya moto ili kupata tanini, na makapi yakawa kuni za boila. Mabaki hayo yalitumika tena kwa faida yake, si kwa amri ya sheria. Majitaka hayakupata bahati hiyo. Sheria ya Matumizi ya Maji ya 1974, kwa marekebisho ya 1981, iliweka viwango vya kumwaga. Ila kiwango cha kumwaga hakimfundishi mtu kutumia tena. Maji ya sabuni hayawaki. Hata hivyo, maji ya suuza ya mwisho, yakichujwa, hufaa kulowekea nguo zinazofuata, akiba isiyo ndogo kwa nyumba za wageni za Makambako, mji wa njia panda wenye stesheni ya TAZARA. Ya Njombe, yakiingia Ruhuji, huelekea Kilombero, kisha Rufiji.