Nani Ameshika Dau: Majina na Siri katika Masoko ya Utabiri

Soko la utabiri ni soko ambalo bidhaa yake ni tukio ambalo bado halijatokea: hisa ya "ndiyo" humlipa mwenye nayo dola 1 tukio likitimia, na haimlipi chochote lisipotimia, hivyo hisa inapouzwa kwa senti 60 husemwa kwamba soko limekadiria uwezekano wa asilimia 60. Bei hiyo husomwa kama sauti ya umma, ingawa yenyewe haisemi iwapo imejengwa na watu elfu kumi au na tajiri mmoja, na kwa sababu hiyo historia ya masoko haya haitenganiki na swali la nani ameshika nini.

Jijini New York, kuanzia uchaguzi wa rais wa mwaka 1868 hadi ule wa 1940, dau za uchaguzi ziliwekwa hadharani, hotelini na hasa katika soko la Broad Street, ambako kwa miaka mingi hisa za kampuni ziliuzwa nje, barabarani. Madalali wa dau walipokea fedha za pande zote mbili, wakazitunza hadi matokeo yajulikane, kisha wakakata asilimia 5 ya ushindi kuwa ujira wao. Wachumi Paul Rhode na Koleman Strumpf, waliofukua kurasa za magazeti ya zama hizo, wameonyesha kwamba magazeti ya jiji hayakuchapisha viwango vya dau peke yake, bali pia majina ya waliocheza na kiasi walichoweka. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa, kwa maana vyama vilishutumiwa mara kwa mara kuwa vinaweka dau ili kumpandishia mgombea wao bei, na msomaji aliyeliona jina la mfuasi wa Tammany Hall, kundi la wanasiasa wa chama cha Democratic lililoshika hatamu za jiji, aliweza kujiamulia kama dau lile lilitokana na imani au na kampeni. Wasio na fedha nao waliahidiana mambo ya fedheha, kama vile aliyeshindwa kumsukuma mshindi kwa toroli mbele ya kadamnasi, na hapo uso wa mtu ndio uliokuwa dau lenyewe. Uwazi huo, hata hivyo, haukuondoa makosa, kwani mwaka 1916 soko lilimpa nafasi kubwa mgombea urais Charles Evans Hughes, na aliyeshinda ni Woodrow Wilson.

Kura za maoni za kisayansi, kamari halali ya mbio za farasi iliyoruhusiwa New York mwaka 1939, na ukali wa masoko ya hisa dhidi ya wanachama wao waliojihusisha na dau viliizima biashara hiyo. Ilipofufuka mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Iowa, ilikuwa chombo cha utafiti ambamo mtu hakuruhusiwa kuweka zaidi ya dola 500, kikomo kilichomzuia mtu yeyote kulitawala soko. Intrade, kampuni ya Dublin iliyoendesha soko la utabiri, haikuwa na kikomo cha namna hiyo, na majina ya wateja yalibaki katika vitabu vyake. Baadaye watafiti David Rothschild na Rajiv Sethi walichambua kumbukumbu za miamala ya Intrade zisizo na majina, wakagundua kwamba katika wiki mbili za mwisho za uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2012 mtu mmoja ndiye aliyetoa takriban theluthi ya fedha zote zilizomwendea mgombea Mitt Romney, akapoteza karibu dola milioni 4. Wafuatiliaji wa bei siku zile hawakuwa na njia ya kuliona jambo hilo, na huo ni upungufu mkubwa kwa soko lililonukuliwa kama kipimo cha maoni ya taifa.

Polymarket, kampuni ya masoko ya utabiri iliyoanzishwa mwaka 2020, iligeuza hali hiyo kwa kuandika miamala yake katika blokucheni, yaani daftari la pamoja la kompyuta ambalo kila mtu anaweza kulisoma na ambalo maandishi yake hayafutiki. Zana ya kutafuta wamiliki wakuu hulipitia daftari hilo, hujumlisha hisa zilizoingia katika kila pochi ya kidijitali, hutoa zilizotoka, kisha hupanga pochi kuanzia yenye salio kubwa, upande wa "ndiyo" na upande wa "hapana". Kinachoonekana ni anwani ya herufi na tarakimu 42 inayoanza na 0x, pengine pamoja na jina la kubuni: kiasi kiko wazi hadi senti ya mwisho, mwenyewe hajulikani.

Oktoba 2024, bei ya ushindi wa Donald Trump katika uchaguzi wa rais wa Marekani ilipopanda, wasomaji wa orodha hizo waliona akaunti chache, mojawapo ikiitwa Fredi9999, zikinunua kwa mtindo uleule na kwa wakati mmoja. Polymarket ilichunguza ikatangaza kwamba akaunti nne zilikuwa za raia mmoja wa Ufaransa, na kwamba haikuona dalili ya hila. Uchaguzi ulipokwisha, wachambuzi waliofuata nyayo za fedha kutoka pochi hadi pochi walihesabu akaunti 11 za mtu huyohuyo, zilizopata faida ya takriban dola milioni 85, ilhali katika orodha ya wamiliki wakuu kila moja ilikuwa imesimama kama mtu tofauti.