Mawimbi ya Pwani Yetu na Mchezo wa Wageni

Ndugu yetu mmoja aliyeko Tunduma, mpakani na Zambia, ambako maji makubwa ya mkoa wake wa Songwe ni Ziwa Rukwa, ametuuliza kama ni kweli kwamba pwani yetu nayo ina mji wa kupanda mawimbi kama miji ya ng'ambo. Jawabu yake ni ndiyo na siyo, na ili ieleweke yatupasa kwanza tuijue asili ya mchezo wenyewe.

Kusimama juu ya ubao na kuchukuliwa na wimbi hadi ufukoni ni ufundi wa watu wa visiwa vya Pasifiki, khasa Hawaii. Waingereza waliofika huko na Captain Cook mwaka 1778 na 1779 waliuona wakastaajabu, kwani waliopanda mawimbi walikuwa wakubwa na wadogo, wake kwa waume. Mwaka 1820 wakaja wamisionari wa Kimarekani, na wengi wao wakauhesabu kuwa upuuzi na utovu wa haya. Maradhi ya wageni nayo yakawafyeka wenyeji, hata mchezo ukakaribia kusahauliwa. Ulifufuka Waikiki mwanzoni mwa karne ya 20. Duke Kahanamoku, mwenyeji wa visiwa hivyo aliyepata nishani ya dhahabu ya kuogelea Stockholm mwaka 1912, aliuonyesha Sydney katika msimu wa 1914 na 1915, na mwaka 2021 ukaingia katika Olimpiki huko Tokyo.

Sasa tazama ngalawa yetu. Zile mbao mbili za pembeni zinazoizuia isipinduke, wataalamu wengi wa vyombo wanasema asili yake ni Indonesia, kwa mabaharia wale wale ambao jamaa zao walihamia Madagaska, na lugha ya Kimalagasi mpaka leo ni ndugu wa lugha za huko. Watu wa Hawaii nao ni wa ukoo huo huo wa lugha na vyombo. Basi mvuvi wa Jambiani na mpanda mawimbi wa Waikiki ni jamaa wa mbali, ingawa hawajuani.

Lakini kwetu wimbi halikuwa mchezo. Sehemu kubwa ya pwani yetu imezungukwa na mwamba wa matumbawe, na wimbi kubwa huvunjika huko nje. Mvuvi hulisoma ili apite mlangoni salama, wala hatafuti kulipanda.

Mwamba huo huo ndio ulioipa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, sifa yake ya leo. Ndani ya mwamba maji ni machache na yametulia, na upepo wa kaskazi na wa kusi huvuma kwa nguvu. Tangu miaka ya 2000 wageni wamekuja kuteleza juu ya ubao huku wakivutwa na tiara kubwa. Kwa hiyo si wimbi hasa wanalopanda, ni upepo.

Na hapo ndipo penye jambo. Maji hayo hayo ndiyo konde la akina mama. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake, ambao siku za bamvua, maji yakishakupwa, huenda mbali kufunga mbegu kwenye kamba na vigingi. Joto la bahari limekwisha kuwaharibia ile aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi. Mbao na nyuzi za tiara zikipita juu ya kamba zao, hasara inaongezeka.

Habari ya mavazi ya wageni ufukoni imesemwa mara nyingi, na ina haki yake. Haki ya mama huyu mwenye kamba zake, naona, husemwa kidogo. Kuweka mipaka baharini, hapa pa mwani na pale pa tiara, si jambo gumu kwa wazee wa mji na wenye mahoteli wakikaa pamoja, na lingefaa kumalizwa kabla kusi haijaanza.