Bawa linalobadili umbo

Bawa linalobadili umbo ni bawa la ndege linaloweza kupindwa ili kuongoza mkondo wa hewa, badala ya kutegemea vibao vyenye bawaba kama flapu. Mbinuko wa bawa ukiongezwa, hewa nyingi zaidi husukumwa chini na nguvu ya kuinua ndege huongezeka. Ukizidi mno, hewa hubanduka kwenye uso wa bawa na nguvu hiyo huporomoka.

Wazo hili ni la zamani kuliko flapu zenyewe. Katika ndege ya Wilbur na Orville Wright iliyoruka mwaka 1903 huko North Carolina, Marekani, rubani alilala kifudifudi na kusogeza nyonga; nyaya zikavutika, ncha za mabawa ya mbao na kitambaa zikapinda, upande mmoja ukainuka. Ndege zilipokuwa nzito na zenye kasi, mabawa yalilazimika kuwa magumu, na vibao vya bawaba vikachukua nafasi ya kupinda mabawa.

Mnamo 2014 shirika la NASA lilianza kurusha ndege aina ya Gulfstream III iliyoondolewa flapu za alumini na kufungwa sehemu nyumbufu zilizobuniwa na kampuni ya FlexSys ya Michigan. Zilijaribiwa kuanzia nyuzi 2 juu hadi 30 chini, ingawa, kwa tahadhari, kila safari ilitumia pembe moja tu. Kwa kuwa hakuna mianya kati ya bawa na sehemu hizo, ukinzani wa hewa na kelele hupungua. Kikwazo kikubwa ni kupata bawa linalonyumbuka lakini lisilolemewa na uzito wa ndege.