Wahusika Wapya katika Ngoma za Wasukuma

Mchezo unaochezwa na watu wengi kwa miaka mingi hauna budi kupata sura mpya kila baada ya muda, ama sivyo huchujuka kama nguo iliyofuliwa mno. Watengenezaji wa michezo ya kompyuta wa zama hizi walijua sana jambo hilo. Mchezo wa World of Warcraft, uliotolewa mwaka wa 2004, uliwagawa wachezaji wake katika kambi mbili zenye uhasama. Na nyongeza yake ya kwanza, ya mwaka wa 2007, ilileta jamii mbili mpya za viumbe wa kubuni, moja kwa kila kambi. Tangu hapo kila nyongeza huzua ubishi ule ule: ni mhusika gani mpya apendezaye kuliko wenziwe? Mzee wa Shinyanga akielezwa mambo hayo hana haja ya kustaajabu. Kambi mbili, dawa za miujiza, viumbe wa ajabu na umati wa kuamua nani amependeza ni mambo yaliyokuwako katika nchi ya Usukuma kabla kompyuta haijafikiriwa.

Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 palikuwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, mabingwa wa ngoma na wa dawa. Kila mmoja alijiona kuwa ndiye wa kwanza katika fani zote mbili, wakashindana, na wafuasi wao wakajitenga. Wa Ngika wakaitwa Bagika. Wa Gumha wakaitwa Bagalu. Waasisi walikufa, lakini kambi zao hazikufa. Zilienea katika nchi nzima, kila moja na manju wake, nyimbo zake, dawa zake na siri zake.

Mashindano yalifanywa, na mahali pengine yangali yakifanywa, baada ya mavuno, kati ya mwezi wa Juni na wa Agosti, wakati ghala zina nafaka na jembe limepumzika. Kanuni yake ni fupi. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Hapana jaji mwenye kalamu, wala hapana alama zinazoandikwa. Hukumu hutolewa kwa miguu. Mtu akichoka hapa huvuka akaenda kule, na kuvuka kwake ndiyo kura yake.

Kutokana na kanuni hiyo wahusika wapya walizaliwa. Manju aliyeimba jana vizuri hakuweza kutumaini kwamba leo watu watabaki kwa ajili ya wimbo ule ule. Ilimpasa awe na kitu alichokificha, akitoe wakati umati wa mwenziwe unapoanza kunenepa. Waliofaidi sana katika jambo hili walikuwa watu wa vyama vya kazi maalumu. Bayeye, washikao nyoka na kuwatibu walioumwa nao, waliingia uwanjani na chatu hai, wakamviringisha shingoni na kucheza naye. Banunguli, wawindaji wa nungunungu, waliofukua mashimo ya mnyama huyo mharibifu wa mashamba, walileta uwanjani ngoma zao na mapigo yao. Wachezaji wa bugobogobo waliligeuza jembe, chombo cha jasho na mgongo kuuma, likawa mchezaji mwenzao: lilirushwa juu, likazungushwa, likadakwa kwa mdundo wa ngoma. Nyoka aliyeogopwa, mnyama aliyechukiwa na chombo kilichochosha, vyote vilipewa nafasi uwanjani, na watu walivishangilia.

Tena zilikuwako sanamu. Mafundi wa Usukuma walichonga watu wa mti, baadhi yao wakikaribia kimo cha mtu kamili, wenye mikono iliyofungwa hivi kwamba iliweza kuchezeshwa. Sanamu hiyo ilifichwa mpaka saa yake, kisha ikatolewa ghafula. Watoto walikimbia, wakubwa walicheka, na upande wa pili ulipungukiwa na watazamaji. Uzuri wake haukupimwa kwa ulaini wa uso; ulipimwa kwa idadi ya watu iliowavuta. Ndiyo sababu sanamu nyingi za namna hiyo zina nyuso kali na viungo vya kukwaruza. Zilichongwa ili zionekane kwa mbali, katika vumbi, na mtu aliye mbioni.

Jambo hili halikuwa la Usukuma peke yake. Katika pwani ya Kenya, mwishoni mwa karne ya 19, ilizuka ngoma ya beni, ikashuka Tanganyika na kuenea bara, hasa kwa miguu ya askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Nako huko vyama vilikwenda viwili viwili vikishindana, Marini na Arinoti, na wanachama walijivika vyeo vya kingi na jenerali. Mtumishi wa mchana alikuwa amiri jeshi wa jioni. Wazungu wengine walidhani ni kuigwa tu. Wengine waliogopa kwamba ni uasi. Lakini mwenye kuangalia vizuri huona kazi ile ile iliyofanywa na chatu wa Bayeye: nguvu ngeni iliyowatisha watu iliingizwa katika ngoma, ikafundishwa kufuata mdundo wao.

Watu walipohama, mashindano yaliwafuata. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka wa 1947, uliwahimiza wakulima wa sehemu zilizojaa watu na ng'ombe wavuke kwenda Geita, palipokuwa na mapori na ardhi ya pamba. Dhahabu nayo ilikuwa imekwisha kuwavuta wengine: mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka wa 1966, na uchimbaji mkubwa ulirudi mwaka wa 2000. Huko Shinyanga, Mwadui ilikuwa imepata almasi yake mwaka wa 1940. Basi katika nchi hiyo alipatikana mhusika mwingine mpya, ambaye hakuchongwa na fundi ye yote: mtu aliyelala maskini akaamka tajiri. Kila mtu alimpenda, na kila mtu alitaka kujua dawa yake.

Hapo ndipo penye jambo zito. Katika uwanja wa ngoma, dawa ilikuwa sehemu ya mchezo. Manju alitumia dawa ya kuvuta watu na dawa ya kujikinga, naye alimshuku mwenziwe kuwa amemrushia ya kumharibia. Aliyeshindwa alikuwa na la kusema mbele ya watu wake: si kwamba hakujua kuimba, bali dawa ya wenzake ilikuwa na nguvu zaidi siku ile. Jua likatua, watu wakaenda zao, na mwaka ujao akajaribu tena. Lakini imani ile ile, ya kwamba hapana heri wala hasara isiyotengenezwa na mkono wa mtu, ilipotoka uwanjani na kuingia nyumbani haikuwa tena na jua la kuikomesha. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, vikongwe wengi wa Shinyanga, Geita na Mwanza waliuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu ambao aghalabu ni kazi ya moshi wa jikoni. Na kuanzia mwaka wa 2007 hivi, dunia ilisikia habari za watu wenye ualbino waliouawa katika mikoa hiyo, viungo vyao vikitafutwa kwa ajili ya bahati ya machimboni na ya uvuvi.

Wasukuma wenyewe wana hadithi inayolijibu jambo hili. Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote wa dunia na mifugo yao, isipokuwa mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha ndani ya makapi. Akazaa mtoto, Masala Kulangwa, ambaye alipokua aliuliza baba yuko wapi. Kila alipoua kiumbe alimwuliza mama yake kama ndiye Shing'weng'we: panzi, kisha ndege, kisha swala; mpaka siku moja alimkuta mwenyewe, akamwua, akampasua, na watu wote wakatoka wakiwa hai.

Wasimulizi wengi wa haraka humalizia hapo, na mpendwa wa hadithi huwa ni yule kijana. Lakini hadithi ina mhusika mpya anayeingia mwishoni kabisa. Alipokuwa akipasua, Masala Kulangwa alimkata sikio ajuza mmoja kwa bahati mbaya. Ajuza akakasirika, akamtukana, akataka kumroga. Hapana amshangiliaye ajuza huyo. Ana uchungu, ana maneno makali, na shukrani hana. Hata hivyo Masala Kulangwa hakumwua, wala watu waliomlinda hawakumwua. Alitafuta dawa, akamponya sikio. Na baada ya hapo ndipo watu walipomweka katika kiti cha utemi.

Utaratibu huo wa mambo una maana. Kuua zimwi kulimfanya shujaa. Kumponya kikongwe aliyemwapiza kulimtangulia utemi. Na dawa, ambayo katika vijiji imetajwa mara nyingi kuwa sababu ya kuua, katika hadithi ilitumika kuponya.

Leo sanamu nyingi za ngoma za Wasukuma zimesimama katika nyumba za makumbusho na za matajiri wa Ulaya na Marekani. Hazina mchezeshaji, na hapana wa kuzikimbilia wala wa kuziacha. Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement alianzisha mahali ambapo vitu vya utemi na vya ngoma vilikusanywa katika nchi vilimotoka, na sikukuu ya Bulabo imewapa Bagika na Bagalu uwanja wa kukutana tena kila mwaka. Vijana wa Geita nao wana simu na michezo yake, na viumbe wa michezo hiyo hutengenezwa na makampuni ya mbali, yawaletee vijana hao yakiwa tayari. Katika uwanja wa ngoma, mwenye kubuni mhusika na mwenye kumhukumu waliishi kijiji kimoja, na asiyeridhika alihitaji hatua chache tu kuvuka. Uwanja huo ungali na nafasi. Chatu alikwisha kuingia, na jembe, na askari. Ajuza mwenye sikio lililopona bado hajaletwa. Na manju atakayemleta, akamchezesha hata watu wakampenda, atakuwa ameifanyia Shinyanga na Geita kazi kubwa kuliko ya kumshinda mwenziwe.