Wiki nne za mwanzo tumboni: kwa nini asidi ya foliki inywewe kabla ya mimba

Suratul Muuminun, aya ya 12 hadi 14, zinataja hatua za kuumbwa kwetu matumboni. Tunaeleza hapa hatua ambayo familia nyingi huijua ikiwa imeshapita.

Mimba huanza na seli moja. Hugawika mbili, nne, nane, zote zikifanana. Wiki ya tatu hupangika tabaka tatu: la nje hutoa ngozi, ubongo na mishipa ya fahamu; la kati hutoa damu, moyo na mifupa; la ndani hutoa matumbo, ini na mapafu.

Seli za ubongo na uti wa mgongo hujikunja mithili ya jamvi, zikawa bomba. Bomba hilo hufungika karibu na siku ya 28, kabla mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Lisipofungika upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Seli zinazogawika kwa kasi huhitaji vitamini iitwayo foleti. Kwa hiyo, mwanamke anayetarajia kushika mimba anywe mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, amuone daktari kwanza, kwani huenda akahitaji dozi kubwa zaidi.

Vidonge hupunguza hatari, haviiondoi yote. Mtoto akizaliwa hivyo, tusimlaumu mama wala tusitafute mchawi; tumuwahishe hospitali. Kushika sababu hakupingani na kutawakali.

Wallahu a'lam.