Kufuli la kompyuta mpakato na kalamu iliyolifedhehesha

Kagua ubavu wa kompyuta mpakato ya miaka ya 2000, na kwa kawaida utakuta kitundu cha mstatili, urefu milimita 7 na upana milimita 3 hivi. Kwenye mashine nyembamba za leo, mara nyingi hakipo. Apple ilitoa MacBook Air mwaka 2008 bila kitundu hicho, na MacBook Pro ya skrini ya Retina ikafuata mwaka 2012. Kinga iliyotumiwa ofisini na maktabani kwa miaka mingi inaondolewa kimyakimya.

Osborne 1, kompyuta ya kubeba ya mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi. Mashine zilipopungua uzito, wezi nao walirahisishiwa kazi. Mwaka 1992 kampuni ya Kimarekani ya Kensington ikaleta kufuli la MicroSaver. Ulimi wa chuma wenye umbo la T huingia kitunduni, hugeuzwa robo mzunguko, kisha pini huziba nafasi iliyobaki ili ulimi usirudi. Waya wa chuma uliosokotwa huzungushwa kwenye mguu wa meza. Watengenezaji wengi walikikubali kitundu hicho.

Aibu ilitokea kwenye ufunguo. Mengi ya makufuli hayo yalitumia ufunguo wa mviringo wenye mdomo kama bomba, aina iliyoletwa sokoni na Chicago Lock katika miaka ya 1930. Pini zake hupangwa kwa duara, na ufunguo huzisukuma zote kwa mpigo, kila moja kwa kina chake.

Septemba 2004 mwendesha baiskeli mmoja wa Marekani alitangaza kwenye intaneti kwamba alikuwa amefungua kufuli la baiskeli la gharama kubwa la kampuni ya Kryptonite, lenye ufunguo wa aina hiyo, kwa kalamu ya Bic. Plastiki ya kalamu ni laini: ukiisukuma na kuizungusha, pini huichimba mpaka inakuwa ufunguo. Kryptonite ililazimika kubadilisha makufuli bila malipo, kazi iliyokadiriwa kuigharimu dola milioni 10. Uchunguzi ukageukia makufuli ya kompyuta. Barry Wels, mtaalamu wa makufuli wa Uholanzi, alionyesha kwenye video jinsi kufuli la Kensington linavyofunguliwa kwa kipande cha boksi kutoka katikati ya karatasi ya chooni.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba onyo lilikuwepo. Jarida moja la baiskeli la Uingereza lilikwisha kuandika kuhusu ujanja wa kalamu mwaka 1992, mwaka uleule MicroSaver ilipoingia sokoni. Kwa miaka 12 wanunuzi waliendelea kulipia usalama ambao haukuwepo. Huo ulikuwa uzembe, na wanunuzi ndio walioubeba.

Mei 2006 likaja somo jingine. Mwizi alivunja nyumba ya mtumishi wa Idara ya Maveterani ya Marekani, akaondoka na kompyuta mpakato na diski yenye taarifa za watu milioni 26.5. Vifaa vilipatikana mwezi uliofuata, lakini ilikwisha dhihirika kwamba hasara kubwa haiko kwenye bei ya mashine. Tangu hapo mkazo umehamia kwenye kufunga data kwa usimbaji fiche, na kitundu kikaanza kuonekana mzigo.

Si mzigo. Usimbaji fiche huficha data, haumzuii mtu kuondoka na mashine ya mwanafunzi aliyeinuka kwenda kuuliza kitabu. Vyuo, maktaba na ofisi zetu ziulize kuhusu kitundu kabla ya kununua, na zikatae makufuli ya zamani ya ufunguo wa mviringo. Nawe unapofunga waya, hakikisha mguu wa meza una upau chini. Upau usipokuwepo, mwizi atainua meza na kuuchomoa waya. Funga mashine, funga na data.